Barua Iliyosomwa Mezani

3 Februari

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Natumaini hujambo, shemeji hajambo, na lile goti lako limepoa. Sisi huku tu wazima. Mama anakula vizuri, analala vizuri, na anagombana na redio kama kawaida yake. Juzi aliizima kwa hasira kwa sababu mtangazaji alikohoa hewani bila kuomba radhi.

Utashangaa kupata barua badala ya simu. Simu zetu siku hizi zinabaki kwa askari wa mlangoni, kwenye sanduku la bati, tangu asubuhi mpaka tunapotoka. Na hata tukitoka, tumeambiwa namba zetu zinafuatiliwa. Usicheke. Si umesikia habari za ile kampuni kubwa inayotafuta mji wa kujenga makao yake makuu mapya? Iliombwa na miji kumi na mmoja. Imebaki minne. Wetu umo, na wenu umo. Basi mimi mdogo wako, niliyechora mitaro na vyoo vya soko kwa miaka tisa, nimeingizwa kwenye kamati ya maombi. Tuko wanane kwenye chumba chenye dirisha moja. Tumekula kiapo na kutia saini kwamba hakuna kitakachotoka.

Furaha ninayo, lakini woga ni mwingi zaidi. Mkurugenzi anazunguka nyuma ya viti vyetu, mikono mgongoni, viatu vinalia kwi, kwi, kwi, na vikinyamaza ujue vimesimama nyuma ya mtu. Wiki jana vilisimama nyuma ya mhandisi wa maji. Alifokewa mpaka miwani ikaingia ukungu. Sasa watu wananong'ona hata chooni.

Bahati yangu nimekaa jirani na Bibi Chapa. Unamkumbuka? Yule mpiga chapa mzee aliyenipokea siku yangu ya kwanza kazini, akanionyesha chai inapikwa wapi na fitina inapikwa wapi. Amebakiza miezi mitatu astaafu. Akiona nafuta mstari ule ule tena na tena, ananisogezea peremende bila kuniangalia.

Ramani ya kiwanja nimeichora mara tatu. Kwanza ulikuwa uwanja wa zamani wa mpira, ukakataliwa. Sasa Mkurugenzi amepata wazo ambalo anasema hakuna mji mwingine utakaoliwaza: karakana ya zamani ya reli. Jengo litakaa juu ya reli yenyewe, mfanyakazi ashuke kwenye behewa aingie ofisini bila kukanyaga barabara. "Treni na ofisi, mlango mmoja," ndivyo tunavyoandika. Mlango huo nimeuchora kwa mkono wangu, dada, na umependeza kweli. Sina wa kumwonyesha. Ndiyo maana nakuandikia wewe. Liishie kwako.

Nisalimie shemeji na maua yake.

Mdogo wako


12 Februari

Mdogo wangu,

Nimepata barua yako, nimeisoma mara mbili, na nimecheka peke yangu kama mwehu. Sisi hatujambo. Goti linaniuma nikipanda ngazi, kwa hiyo mwalimu mkuu amenihamishia darasa la chini, ambako kuna watoto hamsini na wanane wa darasa la pili na wote wana jambo la kuniambia kwa wakati mmoja. Kwamba kuna chumba duniani ambamo watu wanane hawasemi neno, mimi naona ni pepo.

Hongera sana. Mama lazima anatamba mtaa mzima, hata kama hajui anatambia nini.

Shemeji yako anakusalimu. Naye mambo yamemnyookea kidogo. Wamemtoa idara ya bustani, wamempeleka ofisi nyingine pale pale jengo la manispaa. Hanielezi sana, anasema ni makaratasi tu, lakini anarudi nyumbani anapiga mluzi, jambo ambalo sijalisikia tangu tuoane. Jumapili tulikuwa mezani nikamsomea barua yako, ule mstari wa viatu vya Mkurugenzi. Alicheka mpaka akashika ubavu. Akaomba niisome yote. Mwishowe akasema, "Huyu shemeji yangu ana akili sana, tatizo hajijui."

Kwa hiyo umepata sifa nyumbani kwangu. Kula vizuri, na usimwogope sana mtu anayelia viatu. Mtu mwenye viatu vinavyolia hawezi kukuvizia.

Dada yako


4 Machi

Dada,

Hujambo? Sisi wazima. Nasema wazima kwa sababu ndivyo barua inavyoanza.

Jana asubuhi mji wenu ulitangaza pendekezo lake magazetini. Najua umeliona. Ukurasa wa mbele, picha kubwa: jengo juu ya reli, watu wanashuka kwenye behewa wanaingia ofisini. Na chini yake, kwa herufi nene: TRENI NA OFISI, MLANGO MMOJA.

Maneno yale yale, dada. Hata mpangilio wake.

Mkurugenzi aliliweka gazeti katikati ya meza. Hakufoka. Ningependa angefoka. Alivuta kiti, kwa mara ya kwanza tangu tuanze, akaketi pamoja nasi. Akasema, "Tuko wanane humu. Mimi ni wa tisa. Sikusema mimi." Kisha akatutazama, kiti kwa kiti.

Saa nne akaja mtu wa upelelezi. Ni mtu mpole, sauti yake ya chini, anakuita "ndugu yangu" na kukuuliza kama umekunywa chai. Watu wameshampa jina la Taratibu. Anatuita mmoja mmoja kwenye stoo ya karatasi. Zamu yangu aliniuliza, "Ndugu yangu, umewahi kuzungumza habari hizi na mtu yeyote wa nje?" Nikasema sijawahi. Nilisema haraka, na kwa sekunde ile nilikuwa naamini. Sikumbuki kama nilikuwa nimesahau au nilikuwa nimejificha.

Nilipotoka, nikiwa kwenye korido, ndipo nikakumbuka barua. Karatasi mbili, mwandiko wangu, saini yangu.

Dada, najua siyo wewe. Na shemeji, hata kama ulimsomea, ni mtu wa maua tu, hana wa kumwambia. Lakini niambie uliiweka wapi. Na popote ilipo, ichome leo hii, usingoje kumaliza kusoma hii. Kisha uichome na hii.

Sahani nairudisha jikoni ikiwa na chakula chake. Mama ananiuliza kama nimegombana na mtu.

Mdogo wako


10 Machi

Mdogo wangu,

Sijui nianzie wapi, na salamu nitazisahau, nisamehe.

Barua yako nilikuwa naiweka kwenye droo ya cherehani, pamoja na vifungo. Nilipopata hii ya pili nilikwenda moja kwa moja. Vifungo vipo. Barua haipo.

Nilimsubiri shemeji yako avue viatu. Nikamuuliza, "Barua ya mdogo wangu umeiona?" Akasema, "Barua gani?" Nikamwambia, "Ile uliyocheka." Akaanza kukunja soksi zake, taratibu, moja ndani ya nyingine, mtu ambaye maisha yake yote anazitupa chini ya kitanda. Hapo nikajua.

Hiyo ofisi nyingine aliyopelekwa ni kamati. Kamati yetu, ya mji huu, inayoshindana na yenu. Yumo tangu Januari. Siku ile namsomea barua yako mezani, nikiigiza viatu vya Mkurugenzi kwa sauti, nilikuwa naisomea kamati.

Nilimuuliza, "Ulijua unamfanyia nini mdogo wangu?" Akasema, "Mimi sikuiba chochote. Nilisomewa mezani kwangu, na mke wangu." Nikamwambia anirudishie. Akasema, "Haiwezekani, iko kwenye faili. Ni ya ofisi sasa." Akasema tena, kwa upole kabisa, nisiogope, hakuna anayehitaji kujua ilitoka kwa nani maadamu kila mtu ananyamaza. Kila mtu, mdogo wangu, maana yake mimi na wewe.

Naandika hii nikiwa darasani, watoto wameenda mapumziko. Usitume tena barua nyumbani. Ufunguo wa sanduku la posta sasa anao yeye, anasema ananipunguzia safari kwa ajili ya goti. Andika kwa anwani ya shule.

Ni kosa langu. Uliniambia liishie kwangu.

Dada yako


15 Machi

Dada,

Nimepata yako. Usijilaumu. Aliyekula kiapo ni mimi.

Lakini sikuandikii kwa ajili hiyo. Wamemchukua Bibi Chapa.

Ilikuwa juzi, kama saa tano asubuhi. Taratibu amegundua kwamba binti yake Bibi ameolewa kwenye mji wenu na humpigia simu kila Jumapili. Hiyo tu. Mpiga chapa aliyepiga chapa maneno yale, na binti upande wa pili. Wakaona hesabu imetimia. Waliingia wawili. Taratibu akamwambia, "Mama, tunaomba utusaidie kidogo kituoni." Bibi akauliza, "Nije na mkoba au narudi sasa hivi?" Akamjibu, "Njoo nao."

Akafunika mashine yake kwa kile kitambaa chake, kama anavyofanya kila jioni. Meza yangu iko karibu na ngazi. Wakati wanashuka naye alikuwa amegeuza uso kwetu. Mimi nilikuwa nimeinamia ramani, dada. Penseli mkononi. Nilichora mstari mmoja, nikaurudia, nikaurudia, mpaka karatasi ikatoboka. Viatu vyao viliposikika ghorofa ya chini ndipo nikainua kichwa.

Mhandisi wa maji alishusha pumzi. Nikaona mabega ya watu yanalegea chumba kizima, na nikaona aibu, maana na yangu yalilegea.

Mkurugenzi amekwisha kumwambia Meya kwamba mhalifu amepatikana. Kazi inaendelea, tunatafuta wazo jingine. Simu bado zinabaki kwenye sanduku.

Mama amesikia. Mtaani wanajua kila kitu. Jana aliniuliza, "Yule si ndiye aliyekununulia koti la kwanza la kazi?" Nikamjibu ndiye. Akasema, "Basi nenda ukamwone." Nikamwambia nina kazi nyingi.

Nifanye nini? Nikisema, nimekwisha. Nisiposema, sijui nitakuwa nani.

Mdogo wako


21 Machi

Mdogo wangu,

Nakuomba unyamaze.

Nimeandika maneno hayo na nimeyaangalia kwa muda mrefu. Sijayafuta. Fikiria Mama. Dawa zake za presha, chumba chake, nani atamshika mkono kwenda kliniki? Mimi niko safari ya siku nzima kutoka hapo. Bibi Chapa hana kosa, na mtu asiye na kosa hatimaye huachiwa. Watampekua, hawatapata kitu, watamrudisha kwake. Wewe kosa unalo.

Lakini sitaki kukudanganya, kwa hiyo nitasema na lililobaki. Naomba unyamaze kwa ajili yangu pia. Ukisema, watauliza barua ilikwenda kwa nani, na kutoka kwa huyo ikaenda kwa nani. Shemeji yako amekuwa mtu mwingine. Hanigusi, hafoki. Ananifuata tu. Nikienda jikoni yuko jikoni. Nikikaa na cherehani anavuta kiti. Jana alikuja shuleni nikiwa nafundisha, akasimama kwenye dirisha la darasa langu akitabasamu, watoto wote wakamsalimu kwa kuimba, na mimi chaki ikaniponyoka. Alisema alikuwa anapita tu.

Wageni wa kampuni wanakuja mwezi ujao kukagua miji yote minne. Anasema wazo la mlango mmoja ndilo lililompandisha, na tukishinda atakuwa mkuu wa idara. Anasema hivyo akiniangalia machoni, ananihesabu na mimi kwenye ushindi wake.

Nimeanza kuogopa sauti ya ufunguo mlangoni kwangu mwenyewe. Miaka kumi na minne nimeishi na mtu huyu.

Nijibu upesi.

Dada yako


3 Aprili

Mdogo wangu,

Hujanijibu. Labda barua imechelewa. Kila siku namuuliza karani wa shule, mpaka ameanza kunionea huruma, akiniona tu anatikisa kichwa kwa mbali nisijisumbue na goti.

Niandikie hata mstari mmoja. Niandikie "hatujambo" tu, kama unavyoandika siku zote.

Dada yako


9 Aprili

Mdogo wangu,

Nimepiga simu ya Mama kutoka kwa karani. Inaita, haipokelewi. Nimepiga mara nne.

Umekamatwa? Mama yuko na nani? Nilikuambia unyamaze, na sasa umenyamaza hata kwangu.

Dada yako


11 Aprili

Dada yangu,

Sisi ni wazima wa mwili. Mama simu yake ilianguka kwenye ndoo ya kufulia, anaikausha juani na haamini kwamba imekufa. Barua zako zote tatu ninazo. Nisamehe kwa kimya. Nilikuwa najua ukinijibu nitapata sababu ya kukaa kimya, na ulinijibu, na nikaipata, na nikakaa nayo wiki mbili.

Kisha nikaenda kumwona Bibi Chapa. Wamemhamishia mahabusu. Nilifika getini, nikaandika jina lake kwenye daftari la wageni, na askari akaniuliza, "Wewe ni nani wake?" Nikarudisha kalamu nikaondoka. Nilitembea kwa miguu mpaka ofisini, nikapanda ngazi, nikamkuta Taratibu na Mkurugenzi wanakunywa chai. Nikasema nikiwa bado nimesimama mlangoni.

"Siyo Bibi. Ni mimi."

Mkurugenzi aliweka kikombe chini. Taratibu akasema, "Kaa, ndugu yangu. Ulimwambia nani?"

"Dada yangu. Kwa barua."

"Barua iko wapi?"

"Kwenye faili la kamati ya mji wao."

Wakatazamana. Taratibu akacheka, kicheko kidogo cha kistaarabu. "Yaani ushahidi wako uko kwa washindani wetu, na sisi twende tukawaombe?"

Nikamwambia naweza kuiandika upya, neno kwa neno. Akasema, "Hata mimi naweza kuiandika. Kijana, yule mama amekulea hapa, kila mtu anajua. Unamwonea huruma. Huruma ni kitu kizuri, lakini siyo kesi."

Mkurugenzi ndiye aliyenitisha. Alinisindikiza mpaka kwenye ngazi na akasema polepole, "Meya ameshaambiwa ni nani. Unataka nirudi kwake nimwambie tulikosea? Nenda nyumbani. Usirudi mpaka uitwe." Dada, ananiamini. Niliona usoni mwake. Ananiamini kabisa, na hataki.

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu, kasoro hicho. Nilidhani kusema ndio mlango mgumu.

Bibi ana miaka hamsini na tisa. Analala sakafuni. Bila barua ile hatoki. Na aliyenayo ni mumeo.

Sikuombi kitu. Nimeandika sentensi hiyo mara tatu na kila mara nimeona ni uongo. Nakuomba.

Mdogo wako


24 Aprili

Mdogo wangu,

Hujambo? Mama je? Mimi nimo kwenye chumba cha mwalimu mwenzangu, yule wa hesabu, nimelala kwake siku mbili. Naandika juu ya goti, kwa hiyo samehe mwandiko.

Nilipopata barua yako nilikaa siku tisa bila kufanya chochote. Nikafundisha, nikapika, nikaitikia. Nilikuwa nakuchukia kidogo, niseme ukweli. Nilikuwa nakuuliza kichwani kwa nini hukunyamaza.

Juzi Jumanne wageni wa kampuni walifika. Mji mzima umepakwa rangi, shule zimefungwa ili watoto wapange mstari barabarani na vibendera. Mimi nilipanga darasa langu, nikamkabidhi mwalimu wa hesabu, nikaondoka na kibendera mkononi mpaka jengo la manispaa. Askari alidhani nimo kwenye sherehe, akanipisha.

Shemeji yako alikuwa ukumbini, tai mpya, anapanga vitabu vya wageni kwenye viti. Aliponiona alitabasamu kwanza, kisha tabasamu likabaki peke yake usoni.

"Umekuja kufanya nini hapa?"

"Nipe barua yangu."

"Tutaongea nyumbani."

"Bahasha ina jina langu. Nipe."

"Nimekwambia iko kwenye faili."

"Basi nitamwomba mkubwa wako anifungulie faili."

Sikupiga kelele. Sauti yangu ilitoka ile ya darasani, ile inayofika benchi la nyuma, na watu wakageuka. Mkubwa wake akaja, mtu mnene mwenye haraka, wageni walikuwa wanapanda ngazi tunawasikia. Akauliza, "Kuna nini? Huyu nani?" Nikasema, "Mimi ni mke wake. Nataka barua yangu aliyoileta ofisini." Akamgeukia, "Barua gani?"

Na mdogo wangu, hapo ndipo nilipoiona. Hofu. Usoni kwake, siyo kwangu. Hakuwahi kumwambia mtu. Aliwaambia wazo ni lake. Hakuna faili lolote. Wiki sita amenitishia kwa faili ambalo halipo, na yeye mwenyewe alikuwa anaogopa kuliko sisi.

Akasema, "Mambo ya nyumbani tu, mkuu." Mkubwa akasema, "Mpe mkeo kitu chake aondoke, wageni hao!" Akanipeleka mbio kwenye meza yake, akafungua droo ya chini kwa ufunguo, akaitoa katikati ya vitabu vya mbegu za maua. Bado ilikuwa na mkunjo wangu. Alinishika kiganja kabla ya kuiachia, akaninong'oneza, "Ukitoka nayo, usirudi kwangu." Nikaivuta mkononi mwake. Nikatoka, nikapishana na wageni mlangoni, mmoja akanipigia makofi kwa sababu ya kibendera.

Sasa nikuambie jambo ambalo hungelijua nisipolisema. Jana nilikaa na barua hiyo mbele ya jiko la mwalimu mwenzangu, chai inachemka. Nikaukunja ukingo wake kuelekea motoni. Karatasi mbili tu, na wewe umepona. Ushahidi mwingine duniani haupo. Nilikaa hivyo mpaka chai ikafurika ikazima moto wenyewe. Sikuwasha tena. Siyo kwa sababu mimi ni mwema. Nilimfikiria yule mama akilala sakafuni, na nilishindwa kumpa sura. Sijawahi kumwona. Nikaona kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa inanirahisishia kazi.

Posta siiamini. Nakuja nayo mwenyewe. Nitafika Jumapili jioni, kwa basi la kwanza la asubuhi, nimeifunga ndani ya nguo. Naogopa kila mwanamume anayeketi karibu nami hata kabla sijapanda. Nipokee kituoni. Kama umebadilisha mawazo usije, nami nitauliza njia ya kwa huyo Taratibu peke yangu.

Dada yako


9 Mei

Dada yangu,

Hujambo hapo nyumbani? Mama hajambo? Mimi mzima, nimepungua kidogo. Mahabusu tunaruhusiwa mgeni mmoja kwa wiki, na nafasi ya wiki hii imechukuliwa, ndiyo maana umerudishwa getini Alhamisi. Usimlaumu askari. Nakuandikia ujue aliyekuja.

Asante kwa kunishika mkono ile Jumatatu mpaka kwenye mlango wa Taratibu. Uliponiona nimesimama ulinivuta kama watoto wako wa darasa la pili, na nilihitaji hivyo. Sitasahau alivyosoma. Alisoma karatasi ya kwanza, akaacha kucheka. Alisoma ya pili, akaniangalia, akasema, "Ndugu yangu," na safari hii lilikuwa neno la kweli. Nakala ulimpelekea wakili wa Bibi siku ile ile, wala sikukuambia ufanye hivyo. Bila hiyo nakala Mkurugenzi angeipoteza ile barua kabla ya jioni.

Habari za kampuni tumezisikia humu redioni. Haiji kwetu, haiendi kwenu, haiendi popote. Itabaki pale ilipo, wameipunguzia kodi. Wenzangu wa chumba walicheka sana nilipowaeleza nimekamatwa kwa ajili ya nini. Mmoja aliniomba nimsimulie tena kile kisa cha mlango.

Aliyekuja Alhamisi ni Bibi Chapa.

Amekonda. Nywele zimekuwa nyeupe mbele. Aliketi upande wa pili wa wavu, mkoba magotini, na mimi nilikuwa nimejiandalia maneno tangu siku ya kwanza. Sikusema hata moja, alinitangulia.

"Siku ile nashuka ngazi, uliniona?"

Nikashika wavu.

"Nakuuliza hilo tu. Nilikaa mle siku arobaini na sita. Wenzangu walikuwa wananiuliza, hivi kazini kwako hakuna hata mmoja aliyekutetea? Nikawa nawaambia, kuna kijana mmoja, lakini alikuwa ameinama, hakuniona. Angeniona, angesema neno. Kwa hiyo nataka kujua. Uliniona?"

"Nilikuona, Bibi."

Akatikisa kichwa kidogo, kama mtu anayeambiwa saa ngapi. Akasema, "Kusema ulisema. Nimeambiwa. Ulichelewa, lakini ulisema. Kukusamehe sijakusamehe." Akainuka kwa kushika ukingo wa meza, hakuomba msaada. Nikamwita. Hakugeuka, ila alisimama kidogo na mgongo wake kwangu, kisha askari akamfungulia.

Kesi ni Jumanne, saa tatu. Wakili anasema inaweza kuwa miaka miwili, inaweza kuwa faini, inategemea hakimu ameamkaje. Mkurugenzi ataitwa, na Bibi ataitwa. Shemeji pia ameandikiwa, sijui kama atakuja. Naogopa, dada. Sijawahi kuogopa hivi, hata kwenye ile stoo ya karatasi.

Umeniandikia kwamba Mama umemwambia nimesafiri kikazi. Tafadhali mwambie ukweli leo, kabla hajaoga, ndiyo saa yake ya kuvumilia mambo. Akilia, mwache alie. Akitaka kuja, mlete. Mkae benchi la mbele, upande wa kulia, kwa sababu wakati wa kujibu mshtakiwa husimama akiangalia huko, na mimi sitaki tena kuangalia chini.

Mdogo wako